Lehemu Haikushika

Eda ya Warda iliisha siku ya Jumatano, na Alhamisi asubuhi akapanda gari la Ukunda kwenda kununua chuma cha kulehemu. Majirani waliomwona akitoka na baibui jipya walidhani anakwenda kwao Ramisi kuwaamkia ndugu zake, baada ya miezi minne na siku kumi za kukaa ndani. Aliyemwuliza ni mmoja tu, Bi Mwanatumu, mamake marehemu mumewe, ambaye walikuwa wakiishi nyumba moja pale Msambweni. Warda alimjibu kwamba anakwenda kutafuta vifaa vya kazi. Bi Mwanatumu akamwambia aende kwa heri, asichelewe kurudi.

Kazi hiyo Warda alifunzwa na babake, aliyekuwa akitengeneza redio za watu wa mashamba ya miwa. Alipoolewa alikuja Msambweni na kisanduku chake cha vifaa, akaweka meza kibarazani, akawa anatengeneza redio na simu. Tochi za kuzamia alizianza baadaye, na aliyezileta ni Nassir mwenyewe, mumewe. Nassir alikuwa mpiga mbizi wa kuzuia pumzi, bila mtungi wa hewa. Yeye na wenzake walikuwa wakitafuta kamba mawe, wale kamba wakubwa wa mwambani, kwenye mapango yaliyo chini ya mwamba, na ndani ya mapango hayo, hata jua liwe la utosi, huoni kiganja chako. Ndiyo maana kila mzamiaji alijifunga tochi mkononi, zile tochi nene zenye mpira wa kuzuia maji. Nyingi zilikuwa kuukuu, zimeachwa na wageni wa Diani, na zilikuwa zikiharibika kila mara. Baada ya mwaka mmoja, hakukuwa na mzamiaji wa Msambweni ambaye tochi yake haijapita mkononi mwa Warda.

Walikaa miaka kumi na mmoja katika ndoa. Mungu hakuwajalia mtoto, nao hawakulaumiana. Jioni, Warda akiwa mezani, Nassir alikuwa akiketi pembeni kumshikia nyaya. Vidole vyake vilikuwa vinene mno kwa kazi hiyo, na akishaungua mara mbili tatu aliziacha nyaya, akachukua kipepeo cha ukili, akampepea mkewe moshi wa lehemu usimwingie machoni. Bi Mwanatumu alizoea kuwaona hivyo akiwa mlango wa jikoni, na alizoea pia kusema kwamba mwanawe amegeuka mwali.

Asubuhi ya siku ya msiba, tochi ya Nassir ilikuwa imesumbua kwa siku mbili, inawaka na kuzimika. Warda aliifungua, akaona waya umeachia pale unaposhikana na kibati cha shaba kilicho chini ya betri. Ilikuwa kazi ndogo. Akachomeka chuma chake, kile chembamba cha kutengenezea simu, akaanza. Lakini kibati kilikuwa kinene, na kila joto alilokipa kilikuwa kinalimeza. Lehemu iliyeyuka ikajikunja tone, ikakataa kulala. Akakandamiza, akangoja, akaongeza nyingine. Mwishowe waya ukakaa. Akaifunga tochi, akaipiga kiganjani, akaitikisa. Iliwaka vizuri.

Ila alikuwa ameliona lile tone kabla ya kufunga. Lilikuwa la kijivu, halina mng'aro, limekaa juu ya shaba kama nta iliyoganda. Babake alimfunza tangu msichana kwamba lehemu iliyoshika hulala na kung'aa, na ile haikulala wala haikung'aa. Nassir alikuwa amesimama na mapezi yake ya kuogelea kwapani, wenzake wanamwita.

"Imeshika," Warda alimwambia, "lakini jioni niletee niirudie."

Nassir akacheka, akasema jioni atamletea na kamba mawe juu, akaondoka.

Yaliyofuata Warda aliyasikia kwa Mwinga, mwenzake Nassir wa kuzamia, aliyekuwa naye tangu ujana. Ilikuwa kabla ya adhuhuri. Nassir aliingia pango wanalolijua, lenye kona ndani. Mwinga alibaki juu, uso majini, anamwangalia. Aliona mwanga wa tochi ukiingia, ukizunguka, kisha hakuuona tena. Aliposhuka hakukuta kitu mlangoni mwa pango, na yeye tochi yake mwenyewe ilikuwa hafifu. Wenzao walipokuja kusaidia, Nassir alikuwa ameshikilia mwamba wa ndani kabisa, upande usio na njia. Alizikwa siku hiyo hiyo baada ya sala ya alasiri.

Vitu vyake Mwinga alivileta katika kiroba: miwani ya kuzamia, mapezi, na tochi iliyofunguliwa kamba mkononi mwake. Bi Mwanatumu hakuweza kuvitazama. Alikisukuma kiroba chini ya kitanda cha Warda, na hapo kikakaa.

Watu walikuja kutoa tanzia, wakasema ni amri ya Mungu, ahadi ya Nassir ilikuwa imefika. Warda aliitikia kama inavyopasa. Bi Mwanatumu kila asubuhi alimletea uji chumbani, akaketi naye hadi aumalize, akimwambia mwanangu kunywa, wewe ndiwe niliyebakiziwa. Mapenzi hayo yalimwuma Warda kuliko kilio, kwa sababu tayari alikuwa na shaka moyoni, na shaka hiyo ilikuwa chini ya kitanda alicholalia.

Ulipotimia mwezi wa pili wa eda, siku moja Bi Mwanatumu alikwenda kusoma khitima ya jirani. Warda akakitoa kiroba, akaifungua tochi. Alikuwa akiomba akute maji ndani, akute kutu, akute chochote kilichoharibiwa na bahari. Ndani mlikuwa mkavu. Mpira wa kuzuia maji ulikuwa mzima, betri nzima, taa nzima. Waya tu ndio uliokuwa umeachia kibati, na lile tone la kijivu lilikuwa bado limeng'ang'ania ncha ya waya, dogo kama punje ya pilipili manga. Pale lilipokuwa limekaa, shaba ilikuwa safi, kana kwamba haijawahi kuguswa.

Alikaa sakafuni mpaka mguu ukafa ganzi. Kisha akaifunga tena tochi, akairudisha, na Bi Mwanatumu aliporudi akamkuta amelala ameelekea ukutani.

Aliapa kwamba akitoka eda atakitupa kisanduku cha vifaa chooni. Lakini siku chache kabla ya eda kwisha, Mwinga alikuja kuwajulia hali. Akiwa kibarazani, nyuma ya pazia, alisema kwamba wazamiaji sasa wanajitengenezea tochi wenyewe, wanasokota nyaya kwa mkono na kufunga kwa utepe. Wiki ile mbili zilikuwa zimewazimikia chini. Hakumlazimisha kitu, alisema tu kwamba bado wanamtegemea. Warda akatoa baiskeli ya Nassir iuzwe apate pesa za chuma kipya, na kile kibati cha shaba akakichomoa kwenye tochi, akakifunga katika kipande cha leso, akakitia mkobani.

Duka alilolitafuta lilikuwa nyuma ya soko la Ukunda, jembamba, nyaya zimening'inia kila mahali. Mwenye duka alikuwa mwanamke wa Kakamega aitwaye Everline. Alikuwa ametandika vitanda hotelini Diani kwa miaka mingi, na hoteli ilipofungwa wakati wa korona, akafungua biashara yake.

"Karibu, mum," alisema. "Unatafuta nini?"

Warda alisema anatafuta chuma cha kulehemu. Everline akamtolea kimoja mara moja, chembamba, cha mpini wa buluu, akasema hiki ndicho kinaenda sana, mafundi wa simu wote wanachukua hiki.

"Nakiomba nikijaribu hapa kabla ya kununua," Warda alisema, akafungua leso, akaweka kibati cha shaba juu ya meza, pamoja na kipande cha waya.

Everline alisita, lakini akamwonyesha pa kuchomeka. Warda akangoja chuma kipate moto, akakiweka kwenye shaba, akatia lehemu. Ikajikunja tone, kijivu. Ulipopoa, waya aliupiga kwa ukucha, tone likabanduka, likabingirika mezani.

"Hiki ninacho nyumbani," alisema.

Everline akaleta cha pili, kikubwa, kizito, cha mpini wa mbao, wanachotumia wanaoziba masufuria. Hicho kilikuwa na moto kupita kiasi, wala hakukuwa na njia ya kuupunguza. Lehemu ilianza kutema cheche, shaba ikageuka rangi, na duara la plastiki lililozunguka kibati likaanza kunuka. Warda akakiondoa haraka. Alieleza kwamba tochi ya kuzamia ina mpira karibu na pale, na mpira ukiungua maji yataingia. Hicho nacho hakifai.

"Unatengeneza tochi za kuzamia?" Everline aliuliza, na sasa alikuwa amekunja mikono, anamwangalia vizuri. Akafikiri, kisha akapanda kiti, akashusha kutoka rafu ya juu kisanduku kimefunikwa vumbi. Kilikuwa na kitufe cha kuzungusha na namba za joto, na chuma chake kimeunganishwa kwa waya mrefu laini. "Hii inajishikilia moto yenyewe. Ukiigusisha kwa kitu kinene haishuki. Lakini watu hapa hawaiulizi."

Chuma kilikuwa na ncha kali kama sindano. Warda akauliza kama kuna ncha pana, iliyokatwa kama patasi, kwa sababu ncha ya sindano haigusi shaba ya kutosha kuipa joto. Everline akapekua mkebe mpaka akaipata. Warda aliibadilisha, akapangusa kibati kwa msasa mpaka kikang'aa, akapaka mafuta ya kulehemu. Akachagua lehemu nyembamba yenye dawa yake ndani, akaiacha ile nene ya bei rahisi. Kisha akalaza ncha juu ya shaba, upana wake wote, akatia lehemu kwa ubavuni.

Iliyeyuka mara moja. Ikaenea kama samli kwenye kikaango, ikaingia katikati ya nyuzi za waya, ikalala, ikang'aa. Warda alikuwa akihesabu sekunde kimoyomoyo, kama alivyofunzwa. Alifika nne.

Aliuvuta waya. Haukusogea. Akauvuta kwa nguvu zote, kibati chote kikainuka nao.

Akakirudisha chuma mahali pake taratibu, akakifumbata kibati kingali na moto. Everline alidhani ameungua, akamwuliza. Warda akatikisa kichwa.

"Hiki kibati ni cha tochi ya mume wangu," alisema. "Alikufa nayo mkononi. Mimi ndiye niliyeitengeneza."

Hilo hakuwa amelisema kwa mtu yeyote. Everline alizunguka meza, akarudisha mlango nusu, akamsogezea kigoda. Warda akamwambia yote, tangu lile tone la kijivu hadi punje iliyobaki kwenye waya. Alilia bila sauti, machozi yanashuka tu, na alikuwa akiyapangusa kwa ile leso iliyofungiwa kibati.

Everline hakumwambia kwamba ni amri ya Mungu. Alimwuliza, "Na ulimwambia haijakaa sawa?"

"Nilimwambia aniletee jioni niirudie."

"Basi alijua."

"Nilianza kwa kumwambia imeshika," Warda alisema. "Hilo ndilo alilolisikia."

Everline akaketi karibu naye. Alimsubiri mpaka akatulia. Kisha akamfungia kisanduku, lehemu na mafuta yake, akaongeza na ncha nyingine mbili pana kutoka mkebeni bila kuulizwa, akamsindikiza hadi barabarani.

Warda alifika nyumbani baada ya alasiri. Bi Mwanatumu alikuwa amekaa mkekani anachambua mchicha. Warda akampa shikamoo, akaketi mbele yake, na kabla moyo haujamgeuka akamwekea kibati mkononi, akamweleza. Alimwonyesha pale ilipokuwa kazi yake ya asubuhi ile, na pale ilipo kazi ya leo. Hakujitetea, na habari ya jioni niletee niirudie hakuitia.

Bi Mwanatumu alikigeuza kibati huku na huku. Macho yake hayakuwa mazuri tena, akawa anapapasa kwa kidole gumba.

"Ulijua asubuhi ile?"

"Nilijua haikukaa vizuri, mama. Sikujua itaachia."

Mzee wa watu alikiweka kibati chini, akaendelea na mchicha, jani moja moja, mpaka maghrib ikaadhiniwa. Akaswali, na sijda yake ya mwisho ilikuwa ndefu mno hata Warda akaogopa. Alipomaliza kutoa salamu alibaki vile vile juu ya msala, mgongo umemwelekea mkaza mwanawe.

"Nimekusamehe, mwanangu," alisema. "Mbele ya Mungu nimekusamehe, na kesho Kiyama sitakudai."

Warda alimbusu miguu. Usiku huo alilala usingizi, kwa mara ya kwanza tangu afungue kile kiroba.

Jumamosi aliitoa meza kibarazani, akachomeka chuma kipya kwa mara ya kwanza. Moshi ulipopanda, na harufu ya lehemu ikaenea nyumbani, Bi Mwanatumu akatokea mlango wa jikoni. Alisimama ameziba pua na mdomo kwa upande wa kanga. Kisha akarudi ndani. Asubuhi ya pili alikuwa amefunga nguo zake katika mafurushi mawili, anangoja gari la kumpeleka Majoreni kwa bintiye Subira.

"Nimekusamehe kweli," alimwambia Warda, "usidhani vingine. Lakini harufu hii siiwezi. Nikiisikia namwona amekaa hapo anakupepea, halafu namwona pale alipolazwa."

Warda akamwambia ataiacha kazi, ataitupa meza yote siku hiyo hiyo, auze vitumbua. Bi Mwanatumu akakataa.

"Wale wengine nao wana mama zao," alisema. "Watengenezee."

Akaondoka. Warda alisimama barabarani hadi gari lilipopotea, akarudi kwenye nyumba ya vyumba vitatu ambamo sasa alikuwa peke yake.

Mwinga alikuja siku ya tatu na tochi nne. Warda hakuzipokea mpaka alipomweleza na yeye, kwa sababu aliona si haki mtu ampe roho yake bila kujua. Mwinga alisikiliza akiwa ameinama, viwiko vimekaa magotini. Warda alidhani atazichukua tochi zake aende. Badala yake akasema kwamba na yeye ana jambo ambalo hata mkewe hajamwambia.

Nassir alikuwa na mazoea ya kuzima tochi makusudi, akiwa ameshamwona kamba mawe, ili asimshtue kabla ya kumshika. Mwanga ulipopotea, Mwinga alidhani ni hivyo.

"Nilihesabu hadi sitini ndipo nikashuka, shemeji," alisema. "Ningeshuka kwa ishirini ningemkuta."

Warda alitaka kumwambia kwamba asingejua, kwamba hakuna aliyeweza kujua, lakini akayaacha, kwa kuwa yeye mwenyewe yalikuwa hayajamfaa. Mwinga akazisukuma tochi upande wa Warda.

Warda alianza na ya Mwinga. Kila alipomaliza kiungo aliushika waya kwa koleo na kuuvuta kwa nguvu zake zote, mbele ya mwenyewe. Tangu siku hiyo hakumrudishia mtu tochi bila kufanya hivyo, na asiporidhika aliizuia, hata mwenyewe akimwambia ana haraka. Wapo walionung'unika, na mmoja alihamia kwa fundi mwingine. Warda hakumbembeleza.

Mwezi ulipoandama alikwenda Majoreni, na sukari na majani ya chai mkononi. Alikuwa na hofu njia nzima. Subira alimpokea vizuri, akamwingiza hadi chumba alimokuwa mamake. Bi Mwanatumu alikuwa amelala, akainuka, akaonekana amekonda. Warda akampa shikamoo, akaushika mkono wake kuubusu. Bi Mwanatumu akaitikia marahaba, akaugeuza mkono wa Warda, akauleta karibu na pua, akauachia.

"Nenda kanawe," alisema, "kisha uje tule."

Subira akamkatia limau. Warda alikwenda uani, akanawa kwa sabuni na limau mpaka viwikoni, akasugua chini ya kucha, akasuuza, akaanza tena. Aliporudi, Bi Mwanatumu alikuwa amesogea mkekani kumpisha nafasi. Walikula sinia moja, wali na samaki, wakazungumza habari za mvua na za mguu wa Subira unaomwuma. Nassir hakutajwa. Walipokaribia kumaliza, Bi Mwanatumu aliuchambua mnofu wa shavu la samaki, sehemu aliyokuwa akimtengea mwanawe tangu utotoni, akausogeza mbele ya Warda. Kisha akageuza uso ukutani, na mabega yake yakaanza kutikisika.

Warda aliula ule mnofu wote, kwa kuwa amepewa.